Wageni wa Ukuta wa Majina

Mtu akija kukuambia kwamba wafu wako hawana wateja, utamfanya nini? Mimi nilimpa kiti. Nikampa na chai, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Lakini moyoni nilikuwa nachemka kuliko hiyo birika.

Mtu mwenyewe ni Obeti, ofisa kutoka Arua anayesimamia sehemu za kihistoria za upande wetu huu wa West Nile. Si mtu mbaya. Ana sauti ya upole, na ana simu kubwa yenye michoro. Siku hiyo akanionyesha mstari mwekundu unaoanzia juu kushoto na kuporomoka hadi chini kulia.

"Asiya," akasema, "hawa ndio wageni wako. Mwaka wa kwanza walijaa. Mwaka uliofuata wakapungua. Sasa ona hapa."

"Naona. Mstari umeanguka. Nimuite daktari?"

Hakucheka. Akasema wakubwa wake wameamua: siku ya kumbukumbu mwaka huu atakuja mwenyewe kuhesabu vichwa. Wasipofika watu mia tatu, sehemu yetu itafutwa, kiwanja kirudishwe kwa serikali ya hapa, na ukuta uvunjwe kupisha soko la mahindi.

Soko la mahindi! Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilitaka kumnyang'anya kikombe.

Ukuta wenyewe uko hapa Lurujo, Koboko, kando ya njia waliyopita watu kukimbilia Kongo katika vita vya mwaka wa themanini. Ni ukuta wa matofali uliopigwa lipu, na fundi ameandika kwa msumari, simenti ikiwa bado mbichi, majina ya waliopotea njiani. Mimi ndiye mtunzaji. Nafagia, nafungua geti, na nasimulia. Jina la baba yangu liko katikati, usawa wa kifua changu: YASIRI SOKA. Alipotea mimi nikiwa tumboni. Hakuacha picha, na kaburi hana. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe lililozikwa limefungwa katika shati lake la jeshi, kwa sababu kwetu mtu akichukuliwa na maji na mwili usipatikane, huzikwa jiwe badala yake, analiliwa, basi, mambo yanakwisha. Kwa hiyo kwangu ukuta ule haukuwa kivutio cha watalii. Ndio baba niliyekuwa naye.

Na hadithi yake ndiyo iliyokuwa inaleta watu. Baba alikuwa askari. Siku ile ya kukimbia, aliwavusha watu mtoni mmoja mmoja mgongoni, akarudi ng'ambo kumchukua bibi kizee kipofu aliyeachwa, risasi ikampata katikati ya maji. Kofia yake ilikutwa imenasa kwenye matete. Hivyo ndivyo baba yangu mdogo Swaka alivyonieleza nikiwa mtoto. Mimi kazi yangu ilikuwa kuinogesha tu. Hadithi ikilishwa hunenepa; miaka ya karibuni baba alikuwa anavusha hadi mbuzi.

Lakini watu walizidi kupungua. Wanafunzi walikuja, wakapiga picha, hawakurudi. Wazungu walikuja, wakalia kidogo, hawakurudi. Hata wenyewe, watu wenye majina yao pale, walianza kupita njia ya mbali na baiskeli zao ili nisiwaite.

Mmoja tu hakupungua. Papa Aliga.

Huyu alikuwa mzee mfanyabiashara wa ng'ambo ya Kongo, upande wa Aru. Akivuka mpaka pale Vurra na malori ya mawese, akiuza mzigo wake Arua, alikuwa anapanda bodaboda hadi kwangu. Alikuja tangu mwaka ukuta ulipofunguliwa. Kofia ya sufi hata jua likiwaka, miwani myeusi hata mvua ikinyesha. Siku za sikukuu haji. Anakuja siku ambazo hata mbwa hapiti. Ananiletea chupa ya mawese au mche wa sabuni, analipa kiingilio, anakaa kwenye benchi, anakula mandazi yangu.

"Mama," ananiambia kwa Kiswahili chao kile, "elezea miye tena ule mutu wa katikati. Alikufa namna gani?"

Namwelezea. Mtu akilipa, asimuliwe. Nilikuwa nasimama, napiga makasia kwa mikono, naanguka na risasi. Yeye anatazama tu, anatafuna polepole.

"Na muke wake?"

"Alirithiwa na mdogo wa marehemu, Swaka. Ndiye aliyenilea."

"Alikulea muzuri?"

"Vizuri sana. Hakunibagua na watoto wake."

Anatikisa kichwa. Kila akija, maswali ni yale yale. Mwenyewe nilisema moyoni, Wakongo na umbea, wacha tu. Mwaka Swaka alipokufa nilimwambia pia. Akavua miwani, akainama, akaifuta muda mrefu kwa upindo wa shati, akaivaa tena kabla ya kuinua kichwa. Siku hiyo hakumaliza mandazi.

Basi, nirudi kwenye hasira zangu. Obeti alipoondoka nilianza kutafuta watu mia tatu. Nilienda redioni Koboko, nikapiga kelele hadi mtangazaji akanipunguzia sauti. Nilienda msikitini upande wa akina mama, nikaenda kanisani, nikapanda baiskeli hadi Lobule kuwakuta watu mashambani kwao wakipalilia. "Mtakuja au mtakuja?" Nilimpigia simu hata Papa Aliga.

"Papa, safari hii njoo siku yenyewe. Wakivunja ukuta utakuja kuangalia nini? Magunzi?"

Nikamsikia anakohoa upande wa pili.

"Nitakuja, mama," akasema.

Akabaki mama yangu. Kiden ni mama yangu mzazi, na nyumba yetu ni hapo tu, akikaa jikoni anasikia maikrofoni yangu neno kwa neno. Lakini hajawahi kukanyaga uwanja ule hata siku moja. Kwetu mjane aliyerithiwa hasimami mbele ya kaburi la mume wa kwanza, wala mbele ya kitu chochote kinachokaa badala ya kaburi. Ni kumdharau wa pili. Mama alikuwa anapita njia ile amegeuza uso kama anayekwepa mdai.

"Mama, baba Swaka amekufa. Sasa unamwogopa nani?"

"Simwogopi mtu. Mwiko iko mwiko."

"Haya. Wakishaubomoa ukuta utaushika huo mwiko wako juu ya magunia ya mahindi."

"Asiya, chunga mdomo."

"Mia tatu, mama! Nahesabu hadi watoto wa mgongoni. Wewe ni mtu mmoja kamili."

Akaendelea kupepeta ulezi wake. Nilipokata tamaa na kuinuka, akaniuliza bila kunitazama, "Nitavaa nguo gani?"

Siku ilipofika, jamani, walikuja! Walikuja kwa baiskeli, kwa miguu, na kwa lori moja la mchanga. Shehe akasoma dua, mchungaji akaomba, kwaya ikaimba. Obeti alisimama getini na kidude chake cha kuhesabia, kila akiingia mtu yeye anakibonyeza, tik, na mimi kila tik nilikuwa naihesabu naye. Mama alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha njano, macho chini, kwa aibu ya mwiko. Papa Aliga naye akaja. Alisimama nyuma kabisa karibu na kreti za soda, miwani usoni. Nilifurahi kumwona hata nikatangaza: "Leo tuna mgeni wetu kutoka Kongo!" Watu wakapiga makofi. Aliinua mkono nusu, akaushusha.

Nikaanza kusimulia. Siku hiyo nilisimulia, wallahi, hadi mwenyewe nikasisimka. Nikafika mtoni.

"Yasiri hakungoja! Akavua viatu, akajitupa majini, akaogelea kama samaki..."

"Nani?"

Ni mama. Amesema kwa sauti, mbele za watu. Ameinua kichwa, ananitazama kama nimemuwekea chumvi kwenye uji.

"Yasiri? Kuogelea?" akasema. "Yule ndoo ya kuoga ilikuwa natisha yeye! Tukienda mtoni alikuwa nashika nguo yangu nyuma, mwanajeshi mzima, eti wewe pita mbele."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nikaona aibu hadi masikioni. Watu wakacheka, wakatulia, na mmoja akabaki anacheka peke yake. Kilikuwa kicheko cha ajabu. Kilianza na kikohozi, kikakwama kama pikipiki inayokataa kuwaka, halafu kikapanda juu, chembamba, kikaishia puani. Nikatazama nyuma. Ni Papa Aliga. Miaka yote ile ya kuja kwangu sikuwahi kumsikia akicheka.

Mama hakugeuka. Alisimama taratibu, mgongo wake kwa watu, uso wake kwenye ukuta, mbele kabisa ya lile jina. Na akasema, kwa sauti ile ile ya mwanamke anayemsemesha mume wake aliyeketi mlangoni:

"Yasiri, wewe nacheka nini?"

Chupa ya soda ilianguka huko nyuma ikabingirika, tukaisikia mpaka iliposimama. Maikrofoni ikapiga mbinja mkononi mwangu na sikujua kuizima. Kisha mtu akapiga kelele "Yesu!" na mwingine "Astaghfirullah!" na kwaya ikatawanyika na majoho yao. Akina mama waliweka mikono kichwani. Mzee mmoja alikuwa anarudi kinyumenyume huku anatema mate pembeni.

Mimi, Mungu anisamehe, nilimkasirikia mama. Nilidhani amepatwa na kichaa mbele ya Obeti. Nikaruka chini kutoka jukwaani, nikamshika bega.

"Mama, kaa. Kaa chini. Huyo ni Papa Aliga, anauza mawese."

"Kiden," akasema yule mzee.

Nikaliachia bega la mama. Mimi sijawahi kumtajia jina la mama yangu. Namwita mama, mbele ya watu na nyuma yao, namwita mama tu. Mzee akavua miwani na kofia. Mama akageuka, na nikaona usoni mwake kwamba hana shaka hata kidogo. Ilikuwa kweli. Mtu aliyeandikwa ukutani amesimama karibu na kreti za soda na mandazi yangu mkononi.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Miaka yote!" nikapiga kelele, na maikrofoni bado inafanya kazi, Lurujo nzima ikasikia. "Miaka yote nakusimulia unavyokufa! Naanguka chini mbele yako, nachafua nguo zangu, na wewe unatafuna mandazi! Wewe ni mtu wa namna gani? Una moyo wewe?"

"Asiya," akasema. Hilo nalo lilinichoma. Hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Usiniite!"

"Mwanangu, sikubeba mutu," akasema. "Hata moja. Ule bibi kipofu alinishika mukono, nikanyang'anya mukono wangu. Nilikimbia. Nilipita kwenye kivuko, maji ilikuwa magotini, kofia ikaanguka. Ndiyo hivyo tu."

Watu wakaguna wote pamoja. Nilitamani kumziba mdomo asiendelee. Askari wangu wa majini, wa risasi, wa mbuzi! Maji ya magotini.

Akasema alikaa Kongo hadi vita vikatulia, akarudi usiku mmoja kwa kujificha. Akakuta matanga yake yalishaisha, jiwe lake lilishazikwa, na Kiden ana mtoto wa Swaka mgongoni. "Ningeingia, ule mutoto angeitwa nani? Na Swaka angeenda wapi?" Akarudi zake. Na alipofika Kongo wafanyabiashara wakamsimulia habari za shujaa Yasiri Soka wa Koboko. Hakuthubutu kusema neno. "Halafu mukajenga ukuta. Nikasikia kuko fasi, mahali mutu analipa, anaingia, anakaa, hakuna anayeuliza yeye ni nani. Na nilijua Kiden hawezi kukanyaga hapa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alichagua mahali pamoja duniani ambapo mama hangemkuta, na mimi nimemvuta mama kwa mikono yangu hadi mstari wa mbele, kwa sababu nilikuwa natafuta vichwa.

Obeti akasogea na kidude chake. Maskini, naye alikuwa amechanganyikiwa.

"Samahani," akauliza, "huyu... nimeshambonyeza getini. Nimhesabu au nisimhesabu?"

"Usihesabu yeye," akasema mama. "Huyu si mgeni."

Akamshika baba upindo wa shati nyuma, kama ambavyo baba alimshika yeye zamani mtoni, akamsukuma mbele, wakatoka getini. Watu wakawapisha njia pana kupita kiasi.

Mambo ya nyumbani nitayasema kwa kifupi, ni yetu. Mtu aliyeliliwa haingii mlangoni. Wazee walichimbua jiwe kwanza. Shati lilikuwa limeoza, vifungo tu vimebaki. Jiwe likatupwa mtoni, ukuta wa nyuma ya nyumba ukatobolewa, baba akaingizwa kwa tundu akitambaa. Mama alimpikia tangu siku ya kwanza, lakini hakumsemesha. Anaweka sahani, anaondoka. Mimi nilikuwa namsemesha, lakini kwa kufoka tu, sina njia nyingine bado. Siku moja nilimkuta mama ameketi karibu naye, anamtengenezea kola ya shati, nikarudi nyuma polepole.

Kuhusu ukuta, nilijua umekwisha. Tulipata mia mbili na kitu, na shujaa wetu amegeuka mkimbizi. Jina bado lipo, lakini nikifika pale katikati nasema ukweli: huyu alikimbia, yuko nyumbani, anaumwa mgongo. Nani atalipa kusikia hivyo?

Mwezi uliofuata Obeti akanipigia. Alikuwa anacheka kwa furaha.

"Asiya! Mstari umepanda mpaka umetoka nje ya mchoro! Wakubwa wameona, soko litajengwa kwingine. Umefanya nini huko?"

Nilikuwa nimesimama getini, nawatazama hao wageni wake. Ni kweli, wamejaa. Wanatoka Arua, Lobule, Vurra, wengine wanavuka kutoka Kongo. Wale wale waliokuwa wananikwepa na baiskeli sasa wanakuja asubuhi na chakula kwenye vikapu, wanakaa hadi ninapofunga. Lakini hawautazami ukuta. Wameupa mgongo. Wanatazama geti, na kila akiingia mwanamume mzee, vichwa vyote vinainuka.

Jana aliingia mzee mmoja na mwavuli, mgeni kabisa, amesikia habari zetu redioni akaja kutembea tu. Kabla sijamkatia tiketi, mama Eyotaru akawa ameshafika. Jina la kaka yake liko ukutani, mstari wa chini kabisa, herufi zimeanza kumomonyoka. Akamshika yule mzee mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba, samahani," akamwambia. "Hebu cheka kidogo."

Mzee akanitazama mimi, akamtazama yeye, hakuelewa. Kwa adabu tu, akacheka. Eyotaru aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauachia mkono, akamwambia asante, akarudi kukaa kwenye benchi.